Waliikata Mijakaranda kwa Jina la Kijani

Alama nyekundu niliziona Jumapili, nilipotoka kanisani kwenda kumtembelea kakangu Makongeni. Kila mjakaranda mbele ya dispensari ulikuwa umepakwa rangi, msalaba mkubwa kwenye shina, kama ng'ombe waliokwisha kuchaguliwa kupelekwa kichinjioni. Rangi ilikuwa bado mbichi. Mtu alikuwa ameupangusia mkono wake kwenye benchi la kina mama.

Kwa asiyepajua pale, dispensari yetu haijawahi kujengewa chumba cha kungojea. Tangu mimi mtoto, wagonjwa walingoja nje, chini ya ile miti, kwenye mabenchi na mawe yaliyolainika kwa kukaliwa. Mimi na kakangu tulizaliwa mtaa huo, katika nyumba za kiwanda alichofanyia kazi baba yetu, na chanjo zetu zote tulidungwa hapo. Nilipoolewa nilihamia Ruiru, nikajenga huko, nikafungua duka. Kakangu alibaki katika nyumba ile ile. Alistaafu kiwandani, akawa mzee wa kanisa na mwenyekiti wa nyumba kumi, na vyeo hivyo viwili amevivaa tangu hapo kama mtu aliyevaa makoti mawili siku ya jua kali.

Nilimkuta mezani, sahani ya mokimo mbele yake.

"Ile rangi kwa miti ni ya nini?" nilimuuliza kabla sijaketi.

"Ni projekti," alisema. "Projekti ya kijani."

"Kijani gani? Kwani hiyo miti sasa hivi ni rangi gani?"

"Mwari wa maitu, usianze."

Binti ya mama yangu. Ndivyo anavyoniita anapotaka ninyamaze.

Akanieleza, kwa sauti ile ya kusoma matangazo ya kanisa. Miti ingekatwa, na mahali pake pangejengwa bustani ya kisasa: nyasi, viti vya simiti, njia ya kupitia, na taa za sola juu ya nguzo. Kaunti ilikuwa na sera mpya ya mazingira, na Makongeni ingekuwa ya kwanza kuonja matunda yake. Diwani wetu mwenyewe alikuwa ameahidi. Nilicheka mpaka chai ikaniingia puani. Kukata miti ili kulinda mazingira! Hata mlevi wa saa nne asubuhi angeona aibu kulisema hilo mbele ya mkewe.

Mkewe kakangu hakucheka. Aliinua mkono wake wa kulia, akauweka juu ya meza.

"Mimi acha ikatwe," alisema.

Ule mkono ulikuwa umepinda kifundoni. Msimu wa mvua uliopita tawi moja lilikatika, likatoboa mabati ya jikoni kwao, likamwangukia akisonga ugali. Ulifungwa plasta, ukaunga vibaya. Tangu hapo hawezi kukamua nguo.

"Tawi likioza hukatwa tawi," nilimwambia kwa upole.

"Tuliomba likatwe. Miaka. Nani alikuja?"

Kweli hakuna aliyekuja. Tena kulikuwa na ile njia ya jioni kutoka steji ya matatu, ambako wanawake wa mtaa walikuwa wakinyang'anywa mikoba. Alitaka taa. Mtu anayetaka taa mahali penye giza hana kosa lolote. Dharau yangu niliwawekea wale waliouchukua mkono wake na kutembea nao kutoka mkutano hadi mkutano, wakautaja kwenye kila hotuba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumpeleka hospitali unyooshwe.

Mimi nauza jua. Ndivyo wateja wangu wanavyosema kwa utani: twende kwa yule mama anauza jua. Duka langu liko Ruiru, karibu na stesheni ya treni, na ndani yake kuna paneli, betri, taa, nyaya na pampu ndogo za maji. Kwa miaka kadhaa nimeisikiliza serikali ikizungumza na mimi kwa midomo miwili. Mdomo wa kwanza, ule wa redio, unasema: wananchi, tumieni sola, tuokoe misitu, tuache makaa. Mdomo wa pili, ule wa bajeti, unaweka kodi kwenye betri na paneli, na ili tusione vibaya inaitwa tozo ya mazingira. Mara inawekwa, mara inaondolewa kwa kelele, mara inarudi kwa mlango wa nyuma ikiwa imebadilishwa jina. Kila ikitajwa, wenye maghala mjini hupandisha bei siku hiyo hiyo. Ikiondolewa, bei husahau njia ya kushuka.

Mteja haelewi hayo. Mteja ananiona mimi. Mama mmoja anayefuga kuku mashariki ya Thika, kule kwenye ardhi kavu, alikuja wiki ile ile kununua betri ya kuwashia vifaranga taa. Alipoambiwa bei mpya alinitazama kama niliyemnyonga mtoto wake.

"Hii si ni ile ile ya mwaka jana?"

"Ni ile ile. Imeongezwa kodi ya kulinda mazingira."

Alifikiri kidogo. Ni mtu wa kufikiri kabla ya kusema.

"Sasa nisipoweza sola, vifaranga nitawapasha moto na jiko la makaa."

"Ndiyo."

"Na makaa ni miti."

"Ndiyo, mama."

"Basi serikali inataka nichome miti ili ilinde miti," alisema, akafunga kitambaa chake cha pesa na kuondoka. Hakuwa na hasira. Alikuwa mtu aliyeambiwa jambo la kipumbavu na watu wakubwa, akaamua kwenda kulitekeleza kwa sababu vifaranga hawangoji.

Wenzangu wanaouza vifaa vya stima na sola walikuwa wamenichagua nikaseme habari ya kodi hiyo kwenye kikao cha kukusanya maoni ya wananchi. "Wewe uko na mdomo," walisema, na kwa watu wa Ruiru hiyo ni shahada. Kikao kilikuwa Thika, katika ukumbi wa kanisa. Kiliitwa kikao cha sera ya mazingira, na kila kitu kilikuwa kimetupwa humo kama nyama ya sherehe: makaa, tozo, taka za plastiki, na ile bustani ya Makongeni.

Stima ilikuwa imepotea asubuhi hiyo. Waliwasha jenereta, wakaiweka chini ya dirisha, na kwa saa nzima afisa wa mazingira, mwanamke kijana mwenye sauti ndogo, alitusomea habari za nishati safi huku moshi wa dizeli ukiingia na kutusonga. Alipofika kwenye hewa chafu na mapafu ya watoto alianza kukohoa mwenyewe. Hakuna aliyecheka isipokuwa mimi. Mbele ya kila mheshimiwa palikuwa na chupa ya maji ya plastiki, na nyuma yao bango la plastiki lenye picha ya diwani akitabasamu kati ya majani ambayo hayaoti popote nchini.

Kisha wakaanza kusema wenye kusema. Kulikuwa na vijana wa chuo kikuu kutoka upande wa Kahawa Sukari, waliofika kwa gari la kukodi wakiwa na mabango ya Kiingereza. Walikuwa upande wangu, na walinitia aibu kuliko wapinzani. Walisema juu ya dunia nzima, barafu ya huko mbali na bahari kupanda, mbele ya wazee wa Makongeni ambao hawajawahi kuiona bahari. Nilikuwa nimewaona siku mbili kabla, pale kwenye dispensari. Mmoja alikuwa ameukumbatia mjakaranda macho amefumba, mwenzake akimpiga picha, na wakamwomba mama aliyebeba mtoto mwenye homa asogee kidogo kwa sababu alikuwa anaharibu picha. Yule mama alisogea. Akasimama juani mpaka wakamaliza kuupenda mti.

Kulikuwa na mwimbaji wa kwaya, mama wa makamo, ambaye alilia kwenye maikrofoni. Alisema miti ile ilipandwa na watu waliokwisha kufa na kuikata ni kuwazika mara ya pili. Nilimpigia makofi kwa moyo wote.

Diwani akajibu. Ni mtu mnene mwenye kucheka kwa urahisi, na hilo ndilo lililomchagua.

"Ndugu zangu, kwani jakaranda ni mti wa Kikuyu? Ni wa Kikamba? Huo ni mti wa mkoloni! Unakunywa maji, hauzai tunda, hauna faida. Sisi tunataka miti yetu."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mtu mmoja nyuma akauliza miti yetu ni ipi itakayopandwa. Diwani akamgeukia afisa. Afisa akafungua makaratasi yake, akasema ni mitende ya mapambo, tayari imeagizwa kutoka nje ya nchi. Makofi yaliendelea tu. Nadhani mikono ilikuwa imeshazoea.

Ilipofika zamu yangu nilizungumza habari ya betri, nikamtaja yule mama wa vifaranga bila kumtaja jina. Halafu nikasema ambayo sikuwa nimetumwa kusema.

"Mheshimiwa, kwa upande huu mnalitoza jua kodi. Kwa upande huu mnakata kivuli. Sasa mtuambie: mnataka tuwe wapi?"

Walicheka, wakapiga kelele, hata wale wa diwani. Kwa dakika moja niliufurahia mdomo wangu. Kisha nikamwona kakangu akiinua mkono.

Alitembea mpaka mbele polepole, kofia mkononi. Hakunitazama.

"Huyu aliyesema ni dada yangu wa tumbo moja," alianza, kwa lafudhi yetu ya Kikuyu. "Nampenda. Rakini haishi Makongeni. Anakuja Jumapili, anakunywa chai, anarudi. Yeye anaishi Ruiru. Na mimi nauliza, Ruiru ilikuwa nini? Ilikuwa kahawa. Kahawa mpaka macho yachoke. Na miti ya kivuli juu ya kahawa. Iling'olewa yote watu wajenge. Nyumba ya dada yangu imesimama juu ya hiyo kahawa. Aliita mkutano? Alilia? Alichinja mbuzi, akatuita tukakula."

Walicheka mpaka viti vikalia. Diwani alipiga meza.

"Tena anauza sola," kakangu akamaliza. "Hii maneno ya kodi ni ya tumbo lake. Sisi tuachiwe taa zetu."

Lililoniuma halikuwa kicheko. Lililoniuma ni kwamba yote yalikuwa kweli. Kahawa ilikuwa pale. Visiki vyake ndivyo vilivyochemsha chai ya mafundi walionijengea, na vinawaka vizuri, moto wa taratibu usio na moshi. Nilitaka kurudi mbele niseme: ndiyo, na kwa sababu hiyo najua. Mimi ninajua mtaa usio na mti unavyokuwa mwezi wa pili, mabati yanavyolia, watoto wanavyocheza chini ya malori yaliyoegeshwa. Lakini maikrofoni ilikuwa imeshachukuliwa. "Dakika zako zimeisha, mama," alisema kijana mmoja wa itifaki, bila kunitazama usoni.

Afisa akatangaza kwamba maoni yangeendelea kupokelewa mpaka mwisho wa mwezi. Tukatoka. Kakangu alisimama mlangoni, nadhani akinisubiri. Nikapita kando yake kama mtu anayepita kando ya nguzo.

Mwezi haukuwa umefika hata nusu. Jumatano moja asubuhi, nikifungua duka, mke wa kakangu alinipigia simu.

"Wamekuja," alisema. Nyuma yake nilisikia mngurumo wa msumeno wa injini.

Nilifunga duka nikaenda. Nilipofika, mingi ilikuwa chini. Ilikuwa msimu wa maua, na zambarau ilikuwa imetapakaa kila mahali, kwenye lami, kwenye mitaro, kwenye nywele za watu. Ilikuwa pia siku ya kliniki ya watoto. Hakuna aliyekumbuka kuangalia hilo. Kina mama walikuwa wamesukumwa mpaka ukuta wa mbali, wamewafunika watoto nyuso kwa leso kwa sababu ya vumbi la mbao, na muuguzi alisimama mlangoni viganja masikioni, hawezi kumsikia mtoto kifua.

Wale vijana wa mabango hawakuwapo. Walikuwa na mitihani. Waliokuwapo ni watu wa mtaa, nao hawakuja kuzuia msumeno. Walikuja na mapanga. Walikimbilia kila mti ulipoanguka, kabla majani hayajatulia, wakagombania matawi. Watu wazima wenye heshima zao walivutana tawi huku na huku kama mbwa wenye mfupa. Na katikati yao, gauni limefungwa kiunoni, alikuwa yule mwimbaji wa kwaya aliyelia kwenye maikrofoni, akiburuta tawi lenye maua bado.

Nilisimama mbele yake.

"Si wewe ulisema tunazika watu mara ya pili?"

Alifuta jasho kwa mkono. Wala hakuona haya.

"Si umeshakatwa? Nikiuacha, utarudi kusimama?" Akanizunguka akaendelea, tawi likifagia njia nyuma yake.

Kakangu alikuwa amevaa jaketi la rifleta lenye mistari ya kung'aa, anawafukuza watoto wasikaribie. Nilimfuata. Tulikuwa hatujasemezana tangu kikao.

"Maoni yalikuwa mpaka mwisho wa mwezi."

"Wamesema yametosha."

"Nani aliyahesabu?"

"Mimi sikuulizwa," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Mimi nimepigiwa simu leo asubuhi. Niondoe watoto."

Nilimwangalia. Jaketi lilikuwa kubwa kwake, lilimfikia magotini. Mwenyekiti mzima, aliyesimama mbele ya ukumbi akanivua nguo kwa ajili ya mradi huo, alikuwa amejulishwa baada ya lori kufika. Ningemhurumia, lakini siku hiyo sikuwa na akiba. Nilimwambia tu, "Hongera," nikaondoka.

Magogo yalipakiwa kwenye lori ambalo namba yake ya nyuma ilikuwa imepakwa tope. Tuliambiwa yanapelekwa kutengeneza madawati ya shule. Niliuliza walimu wawili watatu ninaowauzia taa. Walicheka wote kicheko kimoja.

Uzinduzi wa bustani ulifanyika wakati wa jua kali, kabla ya mvua, wakati ambao hata mkulima mjinga hachimbi shimo. Mke wa kakangu aliniomba niende. Nitasema ukweli kuhusu sababu yangu: nilienda ili nicheke.

Palikuwa na mahema mawili meupe, viti vya vitambaa, muziki wa injili kwenye spika kubwa kuliko friji. Wageni walikaa hemani. Mashimo yalikuwa yamechimbwa juani, kila shimo na mche wake kando, kila mche na kibao chenye jina la mkubwa atakayeupanda. Kibao kilikuwa kikubwa kuliko mche. Mitende ile ya nje haikuwa imefika, au ilifika ikaenda kwingine, kwa hiyo walinunua miche ya kawaida kando ya barabara ya Garissa.

Kakangu alikuwa amevaa suti yake ya ushirika mtakatifu. Alikuwa ameandaa maneno ya kukaribisha wageni. Mkewe aliniambia alikuwa akiyarudia bafuni wiki nzima. Lakini kiti chake hemani kilikuwa kimekaliwa na mtu wa diwani, na mwenye kuongoza sherehe hakumtaja. Alisimama kando ya kamba ya kuzuia watu, akingoja. Baadaye kijana mmoja mwenye kitambulisho shingoni alimjia, akampa mtungi wa kumwagilia maji.

"Mzee, shika hapa. Mheshimiwa akipanda, unampa."

Akaushika. Akasimama kando ya shimo la kwanza, suti nyeusi, kichwa wazi, mtungi umejaa. Hotuba ziliendelea. Diwani alizungumza juu ya vizazi vijavyo. Mgeni wake kutoka Nairobi alizungumza juu ya vizazi vijavyo. Jasho lilimtiririka kakangu mpaka kola ikabadilika rangi. Mwishowe wakaja kupanda, na wapiga picha wakawazunguka. Kakangu akasogea mbele na mtungi, nadhani akitaka pia kusema neno.

"Mzee, rudi nyuma kidogo," mpiga picha alimwambia. "Unamtia mheshimiwa kivuli usoni."

Akarudi nyuma.

Sikucheka. Niliruka ile kamba, nikamfikia.

"Weka hiyo chini, twende nyumbani."

"Sijasema yangu."

"Hawatakuita. Hawajui wewe ni nani."

"Mimi ni mwenyekiti," alisema, na alilisema polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Nani atabaki?"

Nilimwita mjinga, kwa Kikuyu, ili wageni wasisikie. Akabaki na mtungi wake. Nikamwacha. Alisimama pale mpaka gari la mwisho likaondoka, na alipofika nyumbani kichwa chake kilikuwa kimeungua, na mtungi bado ulikuwa mkononi, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuudai.

Hapo ndipo ninapokosa namna ya kumdharau vizuri. Kesho yake aliujaza ule mtungi akaenda kumwagilia miche. Na siku iliyofuata. Kaunti haikurudi. Diwani hakurudi. Wale wa chuo hawakurudi, mwimbaji wa kwaya hakutoa hata kikombe cha maji, na mimi niliyekuwa na mdomo nilikuwa Ruiru nauza betri. Mbuzi walikula mingi. Mingine ilikauka na vibao vyake, majina ya wakubwa yamesimama juu ya vijiti vikavu. Iliyobaki ni michache, upande wa ukuta, aliyoizungushia miba kwa mikono yake. Watu walimcheka. Walimwita mkulima wa diwani. Watu wale wale waliompigia makofi ukumbini.

Taa ziliwaka. Nitakubali hilo pia. Kwa miezi kadhaa wanawake walitembea kutoka stejini bila kukimbia, na mke wa kakangu alihudhuria mazoezi ya kwaya jioni kama binti. Kisha zikaanza kufifia, moja baada ya nyingine. Nilishuku tangu siku ya kwanza nilipoyaona masanduku ya betri: vitu vya kuchezea, vya kuwashia redio, vilivyonunuliwa na mtu anayejua kwamba uzinduzi ni siku moja. Kina mama wa kliniki sasa huja na miavuli. Asiye na mwavuli huegemea ukuta na kuufuata ukanda mwembamba wa kivuli jinsi unavyosogea, mtoto mgongoni, hadi saa sita unapokwisha.

Hivi majuzi kakangu alikuja dukani kwangu. Hakuwa amekanyaga Ruiru tangu yule mbuzi niliyemchinja. Alizunguka akitazama paneli, akigusa hii na ile kwa kidole kimoja.

"Nataka taa moja," alisema. "Ya pale kona ya njia. Walimnyang'anya mama mwingine."

"Hizo nguzo ni za kaunti. Ukigusa utashtakiwa."

"Nitaweka ukutani kwangu. Iangalie njia."

Nikamtolea taa na betri ya kweli. Aliposikia bei alishtuka.

"Ngai! Hii ni ile kodi?"

"Ni ile ile. Ya tumbo langu."

Akacheka, kicheko kifupi cha baba yetu, nami nikajikuta nimechukia kwamba nakipenda. Nilifunga duka mchana huo tukaenda pamoja Makongeni, kwa sababu angeiweka vibaya, na kwa sababu mke wake alikuwa amepika. Nilipanda ngazi mimi, yeye akaishikilia chini. Kutoka juu niliona uwanja mzima, visiki, vibao, ukanda wa kivuli na kina mama ndani yake wamebanana.

"Angalia kazi yenu," nilimwambia.

"Lile tawi lilivunja mkono wa mke wangu," alisema. "Hata leo nikiulizwa, nitasema ikatwe."

"Tena mbele ya watu?"

"Tena mbele ya watu."

"Na mimi nitakuita mjinga mbele ya watu."

"Uniite," alisema. "Rakini uniite ukiwa umeshashuka. Hii ngazi ni ya kanisa."

Nikamwomba anipe bisibisi.